Nilivyomfungia Makori stoo na mama mkwe wake: usimamizi wangu wa kwanza, Nyamira miaka ya sabini

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio ofisini mkijifanya mna kazi na mlio nyumbani mkiitafuta.

Nimesoma ule uzi wa ndugu aliyepandishwa cheo majuzi, akapewa watu kumi na wawili wa kusimamia, na sasa hawamsikilizi. Mmempa ushauri mwingi. Mmoja kasema awe mkali. Mwingine kasema awanunulie chai.

Nimeshindwa kunyamaza, maana mimi nilipewa watu thelathini nikiwa na miaka kumi na tisa, na nusura niwapoteze wote kwa asubuhi moja.

Haya ni ya kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wengine bado wako hai na wajukuu wao wanajua kutumia kompyuta.

Mnijue kidogo kwanza. Nimebakiza mwaka mmoja kufika hamsini. Ni mtu wa kutotulia. Nimefanya kazi Kericho, Webuye, Voi, Garissa, na hapa ninapoandikia ni chumba cha kupanga Isiolo, ambako kufika saa nne asubuhi mbuzi wanagombania kivuli cha ukuta wangu. Pengine ndiyo maana siku hizi Nyamira inanijia sana kichwani. Ule ukungu wa asubuhi. Ile michai yenye umande iliyolowesha suruali mpaka magotini kabla hujafika kazini.

Basi ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Kila mwenye shamba alitaka miche ya chai, na miche haikutosha.

Mimi mtu wa Suneka, kidato cha nne, divisheni ya tatu, nikapata kazi ya supavaiza kwenye kitalu kimoja karibu na Sironga. Wenye kitalu siwataji. Walinipeleka kozi ya wiki mbili, nikarudi na karatasi za stensili zilizobanwa pamoja, juu zimeandikwa Misingi ya Kusimamia Wafanyakazi. Wino wake ulipaka vidole. Nilizikariri kama fungu la kukariri la Sabato.

Kabla sijaondoka Suneka, baba alinisimamisha mbele ya kanisa nikaombewa. Mliokulia kwetu mnaelewa. Ukishaombewa mbele ya kanisa kwa ajili ya kazi, huwezi kurudi baada ya miezi mitatu na sanduku lako kichwani. Ni heri upotelee Uganda.

Na miezi mitatu ndiyo niliyopewa. Bosi wangu alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita mrefu aliyesimamia vitalu kadhaa na kutukagua kila Ijumaa ya pili kwa Landrova. Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba hata akikutisha ulitaka kusema asante.

"Kijana, nataka matuta kumi," aliniambia. "Yamejazwa vifuko, yamepandwa, yamefunikwa, kabla masika hayajaanza. Nikikuta tisa, nitakushukuru sana kwa huduma yako, kisha nitamleta mtu kutoka Kericho."

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo unachungwa, unajazwa kwenye vifuko vyembamba vya nailoni, kisha kila kifuko kinachomekwa kipande cha tawi la chai chenye jani moja. Vifuko vinapangwa kwenye tuta na kufunikwa. Kujaza ni kazi ya watu wawili wanaotazamana. Mmoja anashika kifuko, mwingine anatia udongo.

Wanaotazamana. Hilo neno mlishike.

Siku ya kwanza nilifuata karatasi. Zilisema msimamizi ajitambulishe kwa wafanyakazi wake ili wamzoee. Nikasimama juu ya ndoo, nikataja jina langu, baba yangu, na Suneka.

Bibi mmoja mzee, Nyaboke, akanyoosha mkono wenye udongo. (Tuliongea Kikisii, nawaandikia kwa Kiswahili.)

"Na mama yako katoka wapi?"

Nikajibu bila kufikiri. Mama yangu alizaliwa hapo hapo, ng'ambo ya kijito. Nikamtaja na babu.

Nyaboke akaketi chini. "Jamani! Huyu ni mtoto wa Kerubo! Mimi nimeolewa na mdogo wake babu yake!"

Wakuu, mimi nilidhani nimekuja ugenini. Ndani ya dakika kumi wanaume tisa walikuwa wajomba zangu, wanawake saba walikuwa mama zangu wadogo, na Nyaboke alikuwa bibi yangu. Waliobaki walikuwa mashemeji na binamu. Mtu mmoja tu hakuwa na undugu nami, mlinzi kutoka Keroka, naye akasema huenda tukiuliza vizuri tutaupata.

Nilifurahi sana. Usiku ule nilikula kwa wajomba wawili.

Furaha iliisha kesho yake saa tatu, nilipomkuta mjomba Ogega amelala juu ya lundo la majani ya kufunikia miche.

"Mame," nikamwita kwa heshima, maana ndivyo tunavyomwita kaka wa mama, "saa tatu hii."

"Najua, mpwa wangu. Ndiyo maana nimelala sasa. Saa tano jua litakuwa kali, sitapata usingizi."

"Lakini mame, kazi..."

"Kerubo alikuwa msichana mpole sana," akasema, akigeukia upande wa pili. "Sijui hii sauti umeitoa wapi. Labda Suneka."

Ungemwambia nini? Karatasi zilisema agizo liwe fupi na litolewe na mkubwa kwenda kwa mdogo. Hazikusema iweje mkubwa akiwa ndiye mdogo.

Kwa mama zangu wadogo ilikuwa vibaya zaidi. Kwetu kuna kitu tunakiita ensoni. Ni aibu ya heshima, kati ya mtu na wazazi wake na wote walio rika la wazazi wake. Hupazi sauti mbele yao, hufanyi mzaha, hutaji mambo fulani. Mama mdogo akichelewa kazini, nilimsalimia nikatazama mlima.

Bibi ni tofauti. Bibi na mjukuu wanataniana watakavyo, na Nyaboke hakuacha nafasi ipite. Nilipojaribu kumkemea kwa kuchelewa, aliweka mikono kiunoni akatangazia kitalu kizima:

"Mume wangu amekasirika! Nani amemnyima uji huyu mtoto? Nimekuja na ndizi, mume wangu, usinifukuze!"

Watu walicheka mpaka vifuko vikamwagika.

Miezi miwili na nusu ikapita hivyo. Matuta yalikuwa sita. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa ziwa kila alasiri. Bwana Mwakio alipokuja aliyahesabu, akayahesabu tena kwa upole, akasema, "Ijumaa ya wiki ya pili kutoka leo ni siku yako ya mwisho, kijana. Tutaonana."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapata wazo la kisomi.

Tangu nifike, watu walikuwa wanakaa wanavyotaka. Yule kakaa kona ile, huyu kampa mwenzake mgongo, hawa wawili wametenganishwa na lundo la udongo lililowekwa pale bila sababu yoyote niliyoiona. Nikasema hii ndiyo fujo inayotuchelewesha. Jumanne nikalisawazisha lile lundo, nikachukua rejista, nikawapanga wawili wawili kwa alfabeti.

Makori na Mokeira wakaangukia pamoja. Herufi M.

Makori alikuwa kijana mwenye mabega kama mlango, mfanyakazi hodari kuliko wote. Mokeira alikuwa mmoja wa mama zangu wadogo. Nilijua Makori ni shemeji. Kwamba ameoa binti wa nani, sikuuliza. Mashemeji walikuwa wengi.

Baada ya saa moja nikapita kukagua. Wengine wamejaza vifuko mia na zaidi. Makori na Mokeira walikuwa na vinne.

Nikajificha nyuma ya tangi la maji nikatazama. Makori amekaa ameipa meza mgongo. Anatia udongo bila kuangalia, anaweka kifuko chini, anainuka, anakwenda mpaka kwenye uzio na kutazama mbali kama anayesubiri mgeni. Ndipo Mokeira anakuja upande upande, amefunika uso na leso, anaokota kifuko, anaondoka. Makori anarudi.

Nikaandika kwenye daftari, "Uzembe wa makusudi." Nikapiga mstari chini yake.

Sasa karatasi zilikuwa na kanuni moja niliyoipenda kuliko zote. Msifu mfanyakazi mbele ya watu, mkemee faraghani. Kitaluni palikuwa na mahali pamoja tu pa faragha, stoo. Kibanda cha mabati, hatua tatu kwa mbili, kimejaa magunia na machungio, hakina dirisha, mlango mmoja.

Nikamwita Makori, nikamwambia aingie akasimame nyuma, kwenye magunia. Kisha nikamwita Mokeira. Aliinama akaingia kutoka kwenye jua, macho bado hayajazoea giza. Nikaingia nyuma yake, nikafunga mlango, nikauegemea. Nikakohoa kama mwalimu mkuu.

"Nimewaita nyinyi wawili..."

"Wawili?" akauliza Mokeira.

Makori akakohoa gizani.

Wakuu, mama wa watu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena mpaka leo, akajifunika leso kichwa chote, akageukia ukuta. Nami nikasikia kitu kama gari limegonga nyumba. Mwanga ukaingia. Makori alikuwa ametoka kupitia ukuta wa nyuma, na bati zima. Alikimbia nalo hatua kadhaa, akapita juu ya tuta la sita, akaliangusha kwenye kijito, akapotea migombani.

Kwa msiotoka kwetu niseme wazi. Mtu na mama mkwe wake ndio wenye ensoni kubwa kupita zote. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mimi nilikuwa nayajua haya tangu utotoni! Ila nilidhani ukishavuka geti la kitalu umeingia nchi nyingine yenye sheria za stensili.

Nilipofungua mlango watu wote walikuwa wamesimama nje. Hata mjomba Ogega alikuwa ameamka.

"Mpwa wangu," akasema polepole, "umemfungia mtu na mama mkwe wake?"

"Mame, sikujua!"

"Hukujua ni mama mkwe wake, au hukujua mlango unafanya kazi gani?"

Mokeira alipita katikati yetu amefunikwa leso, akaenda zake nyumbani bila kugeuka. Mmoja mmoja wakaweka vifaa chini wakamfuata. Kufikia saa sita nilibaki mimi, mlinzi wa Keroka na tundu.

Jumatano hakuja mtu. Nilikaa juu ya ndoo nikiwaza namna ya kupita Suneka sanduku likiwa kichwani. Nilipiga hesabu kama naweza kupita usiku.

Saa nne akaja Nyaboke peke yake. Alikuja kuliona tundu. Aliliangalia, akacheka mpaka akajifuta machozi, akaliangalia tena kutoka ndani.

Halafu akakaa.

"Mume wangu, nani alikuambia watu hupangwa kama vitabu kabatini?"

"Karatasi, bibi."

"Lile lundo la udongo ulilolisawazisha Jumanne, ulidhani liliwekwa na kuku? Liliwekwa na Makori siku aliyoajiriwa, ili asimwone mama mkwe wake. Kila mtu hapa alikuwa amekaa mahali pake. Wewe uliuliza jina la kila mtu. Hukuuliza kwa nini amekaa pale."

Nikainuka kwenye ndoo.

Alasiri ile, mimi na mjomba Ogega tulikwenda kwa Mokeira. Nilibeba sukari na majani ya chai. Hakutoka jikoni, tuliongea kupitia ukuta. Nilisema kosa ni langu, Makori hakumkosea heshima, mlango niliufunga mimi. Kisha akasema, "Mwambie aliyeleta sukari aje na ndoo ya maji pia, kuni ninazo." Nikajua nimesamehewa. Nilichota ndoo mbili.

Makori tulimkuta anakata nyasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi, shemeji," akasema. "Lakini ukiniita stoo tena nitakuja na nyundo."

Alhamisi Nyaboke aliwapanga yeye, mimi nikiandika nyuma yake. Bibi akatazamana na mjukuu, hao watataniana kutwa na mikono haitachoka. Wa rika moja pamoja. Wenye ensoni mbali mbali, na lundo la udongo katikati. Na maagizo yangu kwa wajomba na mama wadogo yote yatapitia kwake, kwa sababu katika kitalu kile yeye alikuwa mama au bibi wa karibu kila mtu, na hakuna ambaye angemjibu.

"Na mimi nikae wapi?" nikauliza.

"Wewe ni mpwa wa hawa wote. Mpwa hutumwa. Beba udongo."

Nikabeba udongo. Siku saba za kazi nilibeba udongo, na kazi ilikwenda kama mto. Kutoka upande ule unamsikia Nyaboke, "Ogega! Hicho kifuko unakijaza au unakibembeleza kilale?" Na kweli, mjomba aliinuka! Mtu niliyemsihi miezi miwili kwa lugha ya karatasi aliinuka kwa neno moja la mama yake mdogo. Wajukuu na mabibi walishindana kutukanana kwa kuchekesha, na kila anayecheka anataka kujaza zaidi ili apate haki ya kumcheka mwenzake.

Ijumaa, tuta la kumi lilifunikwa saa saba mchana. Wanawake walikuwa wanaharakisha wakatayarishe Sabato. Ndipo Landrova ikasikika.

Bwana Mwakio alihesabu matuta. Kumi. Akahesabu tena. Akaniangalia kwa namna mpya, nikaanza kupumua.

Kisha akaenda stoo.

Nilikuwa nimetundika gunia kwenye tundu. Alilifunua kwa kidole.

"Anayeharibu mali ya kituo hufukuzwa siku hiyo hiyo," akasema, sauti laini kama kawaida. Akatoa kalamu. "Nani?"

Makori alikuwa nyuma ya lundo lake la udongo. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Mimi nilikuwa na kanisa zima la Suneka.

"Mimi, bwana," nikasema.

"Wewe." Akanitazama kuanzia mabegani, ambayo sikuwa nayo, akalitazama tundu. "Hili limevunjwa kutoka ndani. Ulikuwa unakimbia nini?"

"Bwana mkubwa," Nyaboke akaingilia kwa Kiswahili chake, "huyu bwana yangu hapana jua kudanganya. Uliza mwingine."

"Bwana yako?" Mwakio akamtazama bibi wa miaka sabini, akanitazama mimi.

Makori akatokea. "Ni mimi nilivunja, bwana. Lakini mama mkwe alikuwa ndani."

Kalamu ikasimama.

"Mama aliyemzaa mkeo?"

"Ndiyo."

"Humu?"

"Ndiyo, bwana."

Bwana Mwakio akavua kofia. Akaingia stoo, akasimama katikati, akanyoosha mikono ikagusa kuta zote mbili. Akatoka.

"Kwetu Taita mtu angeondoka na paa," akasema. "Lakini kwa nini hukutumia mlango?"

Makori akatazama chini. "Mlangoni alisimama supavaiza."

Bwana Mwakio akanigeukia.

"Basi aliyeziba mlango ndiye aliyevunja ukuta," Bwana Mwakio akasema, akaweka karatasi juu ya boneti akaanza kuandika. Nililiona jina langu. Aliandika kwa muda mrefu. Akanipa, akaingia garini, akaondoka.

Nakumbuka kila neno: Ukuta wa stoo umeharibiwa na msimamizi. Ataurekebisha mwenyewe Jumapili. Stoo iwekwe mlango wa pili. Msimamizi amethibitishwa kazini.

Jumapili nikaenda na misumari. Makori akaja kunisaidia bila kuitwa, tukalitoa bati kijitoni, tukalinyoosha kwa mawe. Tulikuwa ndani tunapima mlango mpya kwenye lile tundu niliposikia sauti ya Mokeira nje. Alikuwa ametuletea uji. Nikageuka kumwambia Makori.

Makori hakuwepo. Mlango wa pili ulikuwa hata bawaba haujapata, na tayari umeshafanya kazi.

Masika yalianza Jumanne iliyofuata. Nilikaa pale miaka minne, nadhani ndio muda mrefu zaidi niliowahi kukaa mahali.

Sasa, ndugu yangu wa watu kumi na wawili. Sijui ofisini kwenu kuna ensoni gani, lakini ipo. Kuna wawili wasioweza kukaa meza moja, na kuna mmoja, pengine mfagiaji, ambaye akisema neno wote wanainuka. Kabla hujahamisha viti, uliza vilifikaje pale. Ukikosea, sema umekosea, na uende wewe mwenyewe ukaseme. Na ukimwita mtu umkemee, mwite peke yake, halafu usisimame mlangoni.

Karatasi zile bado ninazo. Hazina ubaya, zimeandikwa tu na mtu asiyekuwa na wajomba.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kusimamia watu waliomzaa? Na kama kuna mtu wa Sironga humu anayejua kama ile stoo bado imesimama, aniambie ina milango mingapi.